Mtafute daktari wa meno wa familia kabla jino halijauma

Jino la mtoto lina tabia ya kuanza kuuma Jumamosi usiku. Mchana alikuwa anacheza na wenzake, jioni akakataa kutafuna nyama, saa sita usiku ameshika shavu analia na nyumba nzima iko macho. Baba anatafuta panadol kwenye droo, mama anamsukutulisha maji ya chumvi, shangazi kwenye simu anasema wekeni karafuu. Kukicha Jumapili, mzazi ana swali moja tu: nani kafungua leo?

Familia nyingi hupata daktari wao wa meno kwa njia hiyo. Hawakumchagua. Alikuwa karibu na mlango wake ulikuwa wazi.

Si kwamba kila aliye karibu ni mbaya. Wapo wazuri sana mitaani kwetu. Tatizo ni kwamba mzazi aliyekesha hana nguvu ya kuuliza. Hataulizia leseni, hataulizia bei, na hataulizia kama jino hilo linaweza kutibiwa likabaki. Anataka kilio kiishe, na njia fupi ya kumaliza kilio ni koleo.

Wiki hii nakuomba ufanye kazi hiyo siku ya utulivu. Iwe mmehamia mtaa mpya, iwe daktari wenu wa zamani amehamishwa, au iwe hamjawahi kuwa naye kabisa, mtafute sasa wakati hakuna anayelia. Nitaeleza mambo ya kutazama, moja baada ya jingine.

"Si meno ya utoto tu, yatang'oka?"

Hilo ndilo jibu ninalolisikia zaidi nikizungumza na wazazi. Tuanze nalo.

Mtoto ana meno 20 ya utoto. La kwanza huchomoza akiwa na miezi sita hivi, na akikaribia miaka mitatu yote huwa yameota. Ya mbele huanza kung'oka kwenye umri wa miaka sita, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10, hata 12. Kwa hiyo gego likitoboka mtoto akiwa na miaka minne, bado ana miaka sita au zaidi ya kulitumia. Kazi nyingine ya gego hilo ni kutunza nafasi. Likiondolewa mapema, meno jirani husogea, na jino la ukubwani linapokuja halikuti pa kukaa. Meno yaliyopandana mara nyingi huwa na historia hiyo.

Lakini kuna jino moja ambalo kila mzazi anapaswa kulifahamu kwa jina na kwa mahali lilipo. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto huota magego manne ya ukubwani, mawili juu na mawili chini. Hakuna jino linalong'oka ili kuyapisha, kwa hiyo mara nyingi hakuna anayejua kuwa yamefika. Miaka miwili baadaye mzazi anaona jino la nyuma lina tundu jeusi, anahesabu umri wa mtoto, anasema hili ni la utoto, litoeni litaota jingine.

Haliotі jingine. Hilo ndilo gego alilopewa kwa maisha yake yote.

Daktari anayemfahamu mwanao huliona gego hilo likiwa jipya. Anaweza kulipaka kinga inayofunika mifereji yake ya juu kabla chakula hakijaanza kujificha humo. Yule wa Jumapili huliona siku ambayo limeshafika kwenye neva.

Wataalamu wa meno ya watoto wanashauri mtoto aonwe kwa mara ya kwanza jino la kwanza likishaota, asivuke mwaka mmoja wa kuzaliwa. Najua wengi wetu hatujafanya hivyo, na wala si sisi peke yetu: ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa zaidi ya watoto milioni 500 duniani wana meno ya utoto yaliyotoboka. Kama wako ana miaka saba na hajawahi kuonwa, mpeleke akiwa na miaka saba.

Leseni kwanza, bango baadaye

Bango lenye picha ya tabasamu jeupe halithibitishi chochote. Hapa Tanzania Bara, anayetibu meno anapaswa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT), ambalo linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa kada shirikishi. Zanzibar ina baraza lake. Usajili una namba, na leseni inapaswa kuwa hai. Muulize mtu wa mapokezi kwa upole: "Daktari anayetibu leo anaitwa nani, na leseni yake naweza kuiona?" Mahali pengi imebandikwa ukutani. Ukijibiwa kwa ukali kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Fahamu pia kuwa wanaotibu meno hawako ngazi moja. Daktari wa meno amesoma shahada kwa miaka mitano, kisha akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Tabibu wa meno amesoma ngazi ya stashahada. Tabibu mzuri ni msaada mkubwa: anasafisha, anaziba matundu ya kawaida, anang'oa, anatoa elimu. Tabibu mzuri zaidi ni yule anayejua mahali kazi yake inapoishia na kukupa rufaa. Juu yao kuna mabingwa, wa meno ya watoto, wa kupanga meno, wa upasuaji wa kinywa na taya. Hao utawakuta katika hospitali kubwa kama Muhimbili, na baadhi katika kliniki binafsi.

Nje ya orodha hiyo kuna watu ambao mtoto wako asiwafikie kabisa. Wa hatari zaidi ni wale wanaosema mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", kisha wanachana fizi na kutoa wanachokiita meno mabovu. Wanachokitoa ni chipukizi cha meno halali ya mtoto, kwa kifaa ambacho hujui kimetoka kwenye mdomo wa nani. Watoto wamevuja damu na kupata maambukizi makali, na wengine wamepoteza maisha, huku homa yenyewe ikiwa ni malaria au ugonjwa mwingine wenye tiba. Mtoto mwenye homa na kuhara anapelekwa kituo cha afya. Meno ya plastiki hayapo.

Swali moja la simu

Ukishapata majina mawili au matatu, kwa jirani, kwa mwalimu wa mtoto, kwa nesi wa kliniki ya watoto, piga simu. Yapo mengi ya kuuliza, lakini kama salio ni la dakika moja, uliza hili:

"Hapo mnaziba meno, au mnang'oa tu?"

Vipo vituo, vya umma na vya binafsi, vyenye kiti, koleo na ganzi, lakini havina vifaa vya kuzibia, au vinavyo leo na kesho vimeisha. Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu na mwanawe kwenye kliniki moja ambayo siitaji. Mtoto alikuwa na gego lenye tundu dogo, haliumi usiku, linauma akila pipi tu. Aliyetupokea alilitazama kwa sekunde chache akasema litolewe. Dada akauliza kama haliwezi kuzibwa. Jibu lilikuwa: "Dawa ya kuzibia hatuna." Yaani jino lilikuwa linatibika kabisa. Kilichokuwa hakitoshi ni kabati la kliniki. Tulishukuru tukaondoka, na siku tatu baadaye jino lile lilizibwa kwingine.

Mahali penye koleo tu, kila jino bovu litaonekana la kung'oa. Kwa hiyo swali hili linakueleza mengi kabla hujatoa nauli.

Ukiwa na muda zaidi, ongeza haya:

- Mnatibu watoto wa umri gani, na siku zipi?
- Kumwona daktari tu ni shilingi ngapi? Kuziba, kusafisha na picha je?
- Mnapokea kadi yetu ya bima, na kwa huduma zipi?
- Mtoto akipata dharura usiku au siku ya mapumziko, nipige namba gani?
- Nikija tena nitakutana na daktari yuleyule?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa mtoto ni kubwa. Mtoto huzoea sura na sauti. Kliniki inayobadili daktari kila wiki humlazimu aanze upya kuogopa.

Ukifika, tumia macho

Usafi wa kliniki ya meno unaanzia kwenye vifaa. Sakafu inayong'aa haitoshi. Kinywani mna mate na damu, na kifaa ambacho hakikusafishwa ipasavyo kinaweza kubeba homa ya ini aina ya B, virusi vya Ukimwi na mengine. Huhitaji kuwa mtaalamu ili kuona mambo haya:

Vifaa vitoke kwenye pakiti iliyofungwa, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Vioo, koleo na vifaa vya kuchokonolea husafishwa, hufungwa, kisha huingizwa kwenye mtambo wa mvuke wenye joto kali na mgandamizo, ambao wenyewe huuita otoklevu. Pakiti nyingi zina alama inayobadilika rangi ikishapita kwenye joto hilo. Muombe akuonyeshe. Kuloweka vifaa kwenye beseni la dawa kisha kuvifuta kwa kitambaa hakutoshi.

Glavu ziwe mpya kwa kila mgonjwa. Tazama pia anafanya nini akiwa amezivaa. Akishika simu, akafungua droo, akarudi kinywani mwa mtoto na glavu zilezile, hakuna maana ya kuzivaa.

Sindano ya ganzi na kichupa cha dawa yake viwe vya mgonjwa mmoja. Vikitumika vinakwenda kwenye boksi la taka zenye ncha kali, havirudi mezani.

Kama kuna mashine ya eksirei, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) ndiyo inayotoa kibali chake. Uliza kama kipo. Na picha ipigwe kwa sababu. Daktari akisema tupige picha, ni haki yako kuuliza anatafuta nini ambacho jicho halikioni. Jibu la kweli huwa fupi: kuona mzizi, kuona tundu lililo katikati ya meno mawili, kuona kama jino la ukubwani lipo chini.

Wapo wazazi wanaoona aibu kuuliza mambo haya. Wanahofu daktari ataona anatiliwa shaka. Uzoefu wangu wa kuingia kliniki kwa kazi ya uandishi umenionyesha kinyume: anayefanya kazi safi hufurahi kuulizwa, na mara nyingi atakupeleka hadi chumba cha kusafishia vifaa ujionee.

Anazungumza na nani?

Sasa mtoto yuko kwenye kiti. Hapa ndipo unapojua kama umepata daktari wa familia au fundi wa meno tu.

Daktari mzuri huanza na maswali, hata kabla ya kuwasha taa. Mtoto ana mzio wa dawa yoyote? Ana pumu? Ana tatizo la moyo? Ana seli mundu? Akijikata, damu huchelewa kukatika? Haya si maswali ya kujaza fomu. Mtoto mwenye baadhi ya matatizo ya moyo huhitaji dawa ya kinga kabla ya kung'olewa jino, na mwenye seli mundu anahitaji maandalizi ili asije akapata maumivu makali baadaye. Akianza kazi bila kukuuliza, msimamishe umweleze mwenyewe. Na kama mama ni mjamzito na yeye ndiye mgonjwa, aseme mapema kabisa.

Kisha tazama anazungumza na nani. Akizungumza na wewe tu, huku mtoto akiwa kama mzigo uliolazwa kitini, hilo ni pungufu. Wenye uzoefu na watoto humweleza kwanza, wakamwonyesha kifaa, ndipo wakakitumia: "Hiki ni kioo. Shika. Sasa nakiingiza nihesabu meno yako." Ziara ya kwanza inaweza kuishia kwenye kuhesabu tu, na si hasara. Mtoto ametoka bila kuumizwa, na wakati mwingine atapanda kile kiti mwenyewe.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Tuache kuwatisha watoto kwa "ukisumbua nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano". Halafu siku ya siku tunashangaa kwa nini amengang'ania mlango wa daladala. Tuache pia kumwambia "haitauma hata kidogo". Mwambie ukweli kwa kipimo chake: kutakuwa na mtu anaangalia meno, akisikia kitu anyooshe mkono, na mama yuko hapa.

Akisema "tung'oe"

Kuna meno ambayo lazima yatoke. Jino lililooza hadi kwenye fizi, lenye usaha unaorudi kila mara, au lililolegea muda wake ukiwa umefika, halina cha kusubiri. Lakini kabla ya koleo, uliza maswali matatu:

La kwanza, "Hili ni la utoto au la ukubwani?"

La pili, "Tukijaribu kulitibu, inawezekana vipi na kwa gharama gani?"

La tatu, "Tukilitoa, nafasi yake tutaifanyaje?"

Anayejibu yote matatu kwa lugha unayoielewa, mwamini. Anayekuambia "wewe mzazi hutaelewa", mshukuru uende.

Katika kujibu la pili, fahamu kuwa kuziba hakuhitaji mashine kubwa kila mara. Ipo njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu: sehemu iliyooza na kulainika inakwanguliwa taratibu, kisha tundu linajazwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino na kutoa floraidi. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya maeneo yasiyo na umeme. Mwaka 1994 WHO iliinadi kwa nchi nyingine, na leo inatumika sehemu nyingi duniani. Saruji hiyo, pamoja na dawa ya kupaka inayosimamisha uozo, ziliingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hiyo dawa ya kupaka huacha doa jeusi kwenye jino, kwa hiyo daktari akueleze mapema ili usishtuke.

Na kama atataka kuziba kwa ile dawa ya rangi ya fedha, kumbuka ina zebaki. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2022 isitumike kwenye meno ya utoto, kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona ni lazima. Uliza kama kuna mbadala.

Kosa la pili ni la upande mwingine: kutibiwa kisichoumwa. Familia zinazotoka Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na maeneo mengine yenye floraidi nyingi kwenye maji zinalijua. Mtoto ana madoa ya kahawia kwenye meno, na mtu asiyefahamu anasema yameoza. Madoa hayo hutokana na maji aliyokunywa jino likiwa bado linajijenga ndani ya taya. Jino lenye rangi hiyo linaweza kuwa halina tundu hata moja. Unapofika kwa daktari mpya, mweleze mtoto alizaliwa wapi na alikulia maji ya wapi. Daktari makini atauliza mwenyewe. Akikuambia jino la kahawia ling'olewe kwa sababu ya rangi tu, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Kutafuta maoni ya pili si utovu wa adabu. Omba picha yako ya eksirei, ni yako, nenda nayo.

Pesa isemwe mapema

Bili ya meno hushtua kwa sababu huja vipande vipande: kumwona daktari, picha, ganzi, tiba yenyewe, dawa za kumeza, na ziara ya kurudi. Tiba ya mzizi wa jino mara nyingi huchukua zaidi ya siku moja, na baada yake jino linaweza kuhitaji kofia. Omba mpango ulioandikwa kwenye karatasi: nini kinafanyika leo, nini kinaweza kusubiri, na kila kimoja ni kiasi gani. Daktari mwenye nia njema atakupangia kwa uzito: jino linalouma na lile lililo hatarini kwanza, la urembo mwisho.

Kwa wenye bima, usiridhike na "tunapokea". Kadi inaweza kulipia kung'oa na kuziba lakini isilipie kofia au nyaya za kupanga meno. Uliza kwa jina la huduma, na uulize kabla ya mtoto kupanda kitini.

Kama mfuko haujatuna, usidhani mlango umefungwa. Hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa zina vitengo vya meno, na gharama zake kwa kawaida ziko chini ya za binafsi. Foleni ni ndefu, ndiyo. Nenda asubuhi, siku ambayo mtoto haumwi. Foleni ya mtoto asiyelia huvumilika.

Namba iwe kwenye simu

Kuna siku mbili ambazo hutapata nafasi ya kuchagua, na ndizo siku utakazoshukuru kuwa ulichagua mapema.

Ya kwanza ni siku ambayo shavu la mtoto limevimba, ana homa, hawezi kufungua mdomo vizuri, au anapata shida kumeza au kupumua. Hapo usisubiri kliniki ifungue. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuhatarisha maisha.

Ya pili ni siku ambayo mtoto wa darasa la tatu ameanguka uwanjani na jino la mbele la ukubwani limetoka zima. Lishike upande wa juu unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze haraka bila kulisugua. Ukiweza lirudishe mahali pake, na kama huwezi, litie kwenye maziwa baridi. Kisha kimbia. Likirudishwa ndani ya saa moja lina nafasi nzuri ya kushika tena. Jino la utoto halirudishwi, lakini mtoto aonwe vilevile. Saa moja hiyo ni fupi mno kuanza kuuliza kwenye kundi la WhatsApp nani anamjua daktari wa meno.

Na familia inayohama, kwa uhamisho wa kazi au kwa sababu nyingine, iende na kumbukumbu: daftari la kliniki, picha, na maelezo ya tiba iliyoachwa katikati. Mtoto mwenye nyaya mdomoni au jino lenye dawa ya muda asiondoke mkoani bila barua ya daktari wake.

Basi kazi ya wiki hii ni ndogo. Uliza majina mawili. Piga simu, uliza kama wanaziba. Peleka mtoto kuhesabiwa meno tu, siku ya wiki, akiwa ameshiba na hana usingizi. Ukiridhika, hifadhi namba ile kwenye simu yako, ya baba yake na ya dada wa nyumbani, kwa jina ambalo kila mtu ataliona haraka: Daktari wa Meno.

Usiku wa leo, mtoto akishapiga mswaki, mwambie afungue mdomo. Washa tochi ya simu hiyohiyo unayosomea hapa, utazame nyuma kabisa, baada ya magego ya utoto. Kama ana miaka sita au saba, huenda gego jipya limeshaota na hakuna aliyekuwa na habari nalo.